Mwaka Tulioegemea Nguzo

Wewe umewahi kukaa kutwa nzima umeegemea nguzo ya nyumba ambayo haina paa, na mwanaume amesimama mbele yako na kamba mkononi, anangoja uchoke uondoke? Mimi nimekaa. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na nane, na aliyechoka ni yeye. Naanza na hapo kwa sababu watu wa siku hizi wakisikia shosho, bibi mzee kama mimi, anataka kuhadithia, wanafikiria ni mambo ya kuchota maji na kuogopa fisi. Mimi sina hadithi ya fisi. Nina hadithi ya nyumba, nyumba ya kuomba, sinagogi letu kule juu karibu na Nyahururu, baridi mpaka viazi vinatetemeka, na sisi Wayahudi weusi tusiojaa hata lori moja. Nguzo ya kando yangu siku hiyo alikuwa ameegemea Zipora. Zipora, rafiki yangu, ametuacha mwezi uliopita, na mazishi yake nimeyaona kwa simu, nimekaa jikoni kwa binti yangu hapa Merrylands, Sydney, simu imeegemezwa kwa kopo la sukari.

Binti yangu ni Lea, anafanya kazi hospitali kule Westmead. Mimi nilikuja kumtembelea miezi mitatu tu, nione theluji kama wananiambia uongo. Theluji hakuna, ndege zikafungwa, na sasa niko hapa nahesabiwa kama kiti cha nyumba. Hii lokdauni ya sasa ndiyo kali. Helikopta ya polisi inazunguka juu ya nyumba zetu kama mwewe ameona kifaranga, wanajeshi wanabisha milango kuuliza kama mgonjwa yuko ndani, na Lea akirudi kazini anavua nguo kwa gereji, anaoga, ndiyo anaweza kunisalimia. Upande wa baharini, wanasema, watu wanatembea na mbwa wao na kahawa mkononi. Sisi huku tumefungiwa zaidi kwa sababu tunaishi wengi nyumba moja na kazi zetu haziwezi kufanywa kwa kompyuta. Sawa, tufungieni. Mimi nimefungiwa na wakubwa zaidi ya hao, na tuliezeka nyumba hivyo hivyo.

Basi Zipora akazikwa. Nikakaa chini siku saba, hapo sakafuni kwa jikoni, vile desturi yetu inataka, na Lea analalamika ati mgongo wangu. Mjukuu wangu Tirza alikuwa anakaa na mimi akitoka kwa masomo yake ya kompyuta. Ni msichana wa sekondari, mrefu, kucha amepaka rangi ya kijani kama nyasi za mvua. Yeye ndiye alikuwa ananishikia simu watu wa nyumbani wakipiga kutupa pole. Siku ya mwisho akapiga Yosia, mtoto wa Zipora, ambaye sasa ndiye mwenyekiti wetu. Ananiita tata, yaani shangazi. Akalia kidogo, nikalia kidogo, halafu akakohoa vile wanaume hukohoa wakitaka kusema jambo. "Tata, kuna kitu tunataka kukuuliza. Tunataka kubomoa ile nyumba ya zamani."

Nikamwambia, "Rudia." Akarudia. Kuna marafiki wa ng'ambo wamekubali kuwajengea nyumba ya mawe, na nafasi ni moja, pale pale. Na kwa nini ananiuliza mimi, mwanamke mzee niko upande wa pili wa dunia? Kwa sababu mwaka ule wa kujenga tuliwekeana neno, kwamba hakuna mtu ataondoa kitu kwa hiyo nyumba mpaka wale walioegemea waulizwe, na wakubali. Tulikuwa wanawake wengi. Sasa Zipora amekwenda, nimebaki mimi. Nikikubali, inaanguka. Nikamwambia nitampa jibu Jumapili, mbele ya watu wote kwa simu, halafu nikampa Tirza simu akate.

Jioni hiyo Tirza akaniuliza, "Shosho, kwani hiyo nyumba ni nini hasa? Ni udongo." Nikamwambia kaa chini, na chai ulete.

Mwaka ule, uhuru ulikuwa bado mpya, tulikuwa tunaombea jikoni kwa mama yake Zipora. Jikoni la moshi, kuku wanapita katikati ya miguu, na mbuzi mmoja mwenye tabia mbaya alikuwa anaitikia kabla ya watu. Wazee wetu walikuwa wametoka kanisa la misheni baada ya kusoma vitabu vya Musa wenyewe wakaona Sabato imeandikwa Jumamosi, na hakuna mahali imeandikwa wamebadilisha mawazo. Wakauliza. Wakaambiwa wasiulize. Wakatoka. Hatukuwa na rabi, hatukuwa na mtu wa kutuonyesha. Kitu tulikuwa nacho ni Mwalimu Elija, aliyefundisha shule ya msingi, na kitabu kimoja cha maombi cha Kiingereza, ambacho aliachiwa na daktari wa ng'ombe, mzungu Myahudi, wakati anafunga virago kurudi kwao. Yule daktari alimwambia tu, "Hiki kitawafaa nyinyi kuliko mimi," akaingia gari akaenda. Hicho kitabu Mwalimu alikuwa anakibeba amekifunga kwa shuka ya mtoto.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yangu, hata leo ndiyo siku yangu. Jumamosi hatuwashi moto, basi Ijumaa tunapika githeri, yaani mahindi na maharagwe, na viazi mpaka vilainike, halafu chungu kikiwa bado kinachemka tunakishindilia ndani ya kikapu kikubwa cha nyasi kavu, nyasi chini, nyasi pande zote, gunia juu. Kesho yake mchana unafungua na mvuke unakupiga uso. Hapa Merrylands nafanya hivyo kwa blanketi ya Lea. Kuna sufuria ya umeme hapo inayojipikia yenyewe, amenionyesha mara nyingi. Namwambia asante, ni nzuri, na naichukua tena blanketi.

Wanawake ndio walisema jikoni limetosha. Zipora alikuwa ameolewa juzi, tumbo limeanza kuonekana, na mdomo wake ulikuwa haujui kukaa. Akasema, "Mimi sitazaa mtoto aje kuombea katikati ya kuku." Baba yake akatupa kipande cha shamba pale kwa mwinuko. Wanaume wakachimba mashimo, wakasimamisha nguzo za mwerezi, sisi tukafunga fito. Kanisa la misheni ndilo lilikuwa na bomba la maji, na tukaambiwa maji ya bomba si ya watu wa Jumamosi. Tukateremka mtoni. Udongo wa kukandika unakunywa maji kama ngamia, na kila ndoo ilipanda kilima juu ya kichwa cha mtu. Nilikuwa napanda nikiimba kwa nguvu nikipita mbele ya lile bomba, ili wajue tunapita. Mama yangu akasema, "Wewe unaimba au unatukana?" Nikamwambia yote mawili.

Na mlango, na ukuta wa kuangalia wakati wa kuomba, viwe upande gani? Mwalimu Elija akafungua kitabu. Kitabu kinasema, ukiomba geuka mashariki, Yerusalemu iko mashariki. Basi, hakuna maneno. Mashariki tunaijua, ni kule jua linatokea, upande wa Nyeri. Nyumba ikapimwa kwa jua la asubuhi, ndefu na nyembamba, kichwa chake mashariki kabisa.

Halafu naibu wa chifu akaja. Alikuwa mtu wa koti refu na fimbo, si mtu mbaya sana, lakini wazee wa misheni walikuwa wamemjaza masikio. Akasema hiyo ni dini haijaandikishwa, tubomoe wenyewe. Hatukubomoa. Sasa sikiliza akili yake. Akachagua kuja Jumamosi. Alijua Jumamosi hatushiki panga, hatushiki jembe, hatuwezi hata kufunga fundo. Akaja asubuhi na askari wake na kamba, na nguzo zetu zimesimama wima na fito, bila udongo, bila paa, ukivuta nguzo ya kona zote zinafuata. Wanaume wetu wakasimama hapo mikono imeanguka. Wakaanza kumuuliza Mwalimu kama kuzuia mtu ni kazi, kama kumsukuma ni kazi, na Mwalimu anafungua kitabu anafunga.

Zipora akapita katikati yao na tumbo lake, akaenda kwa nguzo ya kona, akageuka, akaketi chini akaiegemea. Akasema, "Kuketi si kazi. Musa hakukataza mtu kuketi." Nikaenda nikaketi nguzo ya kando yake. Mama yangu akaja. Mama yake akaja. Kila nguzo ikapata mgongo.

Naibu akasema, "Wamama, tokeni hapo."

"Hatuwezi," Zipora akasema. "Leo ni siku ya kupumzika, na sisi tunapumzika."

"Mpumzike nyumbani kwenu."

"Sasa wewe unafikiria umetukuta wapi?"

Askari aliyekuja kwa nguzo yangu alikuwa Kamau, kijana wa kwa mjomba, tumekula naye ubuyu wa dukani tukiwa wadogo. Akaniinamia, akasema pole pole, "Dada, toka bwana, nitakuumiza." Nikamwambia, "Vuta. Lakini ukivuta nguzo vuta na mimi, halafu uende umwambie mama yako leo umeburuta nani kwa matope." Akasimama na ile kamba kama mtu amepewa mtoto wa kushika na hajui kichwa kiko wapi. Jua likapanda. Naibu akaketi juu ya jiwe. Watu wa misheni wakaja kwa ukingo wa barabara kutazama, wanatucheka, ati tunaatamia nguzo kama kuku, na Zipora anawajibu mmoja mmoja kwa jina. Mchana vikapu vya nyasi vikafunguliwa, harufu ya githeri ikatembea. Zipora akaita askari, "Karibuni, kipo. Ni cha jana lakini bado kina moto." Kamau akatazama bosi wake, akatazama sahani, akaweka kamba chini. Wote wakala isipokuwa naibu, ambaye alitazama mlima kama mlima umemwita. Jua likielekea kushuka akainuka akapangusa koti. "Nitarudi Jumatatu," akasema.

Na hapo ndipo alikosea hesabu zake. Sabato yetu ikaisha na yao ikaanza. Jumapili asubuhi wote wameingia kanisani, naibu na koti lake, wazee, mpaka wale wa kucheka barabarani, na wao Jumapili hawafanyi kazi. Sisi tukafanya. Tulipiga misumari mpaka wakawa wanaimba na sisi tunawapigia ngoma kwa mabati. Tukakandika kuta zote mbili ndefu, mikono imeingia udongo na mavi ya ng'ombe na majivu mpaka kwa kiwiko, na nyimbo zao zikiwa nzuri tulikuwa tunaitikia. Jumatatu naibu amekuja, amekuta nyumba. Nguzo na fito unaweza kuvuta, lakini nyumba yenye paa na kuta inataka amri ya mkubwa wa wilaya, na mkubwa wa wilaya alikuwa na mambo mengine. Naibu akazunguka mara moja. Akashika ukuta, ulikuwa bado mbichi. Akaenda na udongo wetu mkononi.

Mwaka ulipokaribia kuisha akatutembelea mzungu wa hoteli ya Nakuru, Myahudi wa kuzaliwa, yeye na mke wake. Walikuwa wamesikia habari zetu sokoni. Tukapanga benchi, tukavaa vizuri, Mwalimu akasoma. Mzungu akaangalia mbele, akaangalia jua dirishani, akauliza kwa adabu, "Kwa nini mnaangalia huku?" Mwalimu akamwonyesha mahali kwa kitabu. Yule mzee akasoma, akashika nguzo, akaanza kucheka mpaka machozi, mke wake anamfinya. Akasema, "Waliotunga hiki walikuwa Ulaya. Kutoka kwao Yerusalemu ni mashariki. Kutoka hapa kwenu," akanyoosha mkono kwa ukuta wa kando, "ni huku. Kaskazini. Fuata barabara ya Maralal, usisimame." Tumebeba mto mzima juu ya vichwa vyetu, tumekaa kwa matope, na nyumba inaangalia Nyeri. Mwalimu Elija alifunga kitabu kwa ile shuka pole pole, hakuinua uso. Mzee mmoja akasema itabidi tubomoe. Mwingine akasema ndiyo, itabidi.

Zipora alikuwa na mtoto mgongoni, huyo Yosia. Akasimama. "Abomoe nani? Mimi siwezi kugeuza nyumba, lakini benchi naweza." Akashika benchi upande mmoja. Nikashika upande wa pili. Tukaigeuza ikaangalia ukuta mrefu wa kaskazini, tukachukua nyingine, na wanaume wakainuka maana tulikuwa tunawatoa waliokaa. Tangu siku hiyo sisi tunaingia kwa mlango wa magharibi na tunakaa upande upande, mistari miwili mirefu, kama watu wanangoja chanjo. Wageni wakija wanacheka. Wacheke. Kila mwaka kabla ya Sikukuu ya Vibanda, mvua ya vuli haijafika, wanawake tunaikandika tena, na hiyo ndiyo nyumba tumeozea watoto.

Hapa Sydney nilienda sinagogi mara moja kabla ya mambo kufungwa, mbali huko upande wa baharini. Mlinzi getini akaniuliza kama nimekuja kazi ya usafi. Nikamwambia, "Nimekuja kusali, kijana wangu, na wewe je?" Akafungua. Ndani watu wanaangalia magharibi, nyumba nzuri, imejengwa na watu waliokuwa na ramani. Mama Esperansi wa Burundi, jirani yangu hapa, ambaye tunaongea tumevaa barakoa, ua katikati yetu, nilipomwambia mimi ni Myahudi alicheka akashika kiuno. "Ewe mama, Muyahudi ni wewe?" Nikamwambia ndiyo, na zaidi ya yule wa kuzaliwa, maana yeye alipewa bure, mimi nilibeba maji.

Jumapili ikafika. Kwao ilikuwa asubuhi, kwetu jioni, Lea yuko kazini. Tirza akaweka simu mezani nikawaona wote wamekaa upande upande. Yosia akanisalimia vizuri, akaeleza tena. Kuta zimechoka. Vijana wanaona aibu, wageni wanapiga picha za benchi. Ya mawe itaangalia kaskazini sawasawa. Nikangoja amalize.

"Yosia," nikasema, "wewe siku ile ulikuwa tumboni. Umeegemea nguzo kabla ya kuzaliwa. Unaona aibu ya nini?"

Watu wakacheka. Yeye pia akacheka, lakini akashika neno lake. "Tata, usinifanye adui. Mimi si naibu wa chifu. Niambie kitu kimoja tu. Nani atakandika? Mama alikuwa anakandika na tumemzika. Wamama wa hapa wako na kazi mjini, mvua mbili zijazo hiyo nyumba inaanguka yenyewe, bila kamba. Wewe uko Sydney. Magoti yako unayajua."

"Nimekataa," nikasema. "Nyumba ya mawe mjenge kando, baba yangu alikuwa na shamba hapo nyuma, chukueni. Hii ikae."

"Ikae sawa. Nani atakandika?"

Nilitazama mikono yangu kwa meza ya Lea. Kule kwa simu mtu mmoja akakohoa. Tulikuwa tumemshinda naibu, na misheni, na kitabu, na huyu kijana mzuri, mtoto wa Zipora, ameniuliza swali la haki. Yosia akasema kwa upole, "Tutaiacha isimame mpaka ndege zifunguliwe, Tata. Kwa heshima yako. Zikifunguliwa na hakuna mtu amekuja kabla ya Vibanda, tunabomoa. Umekubali?"

"Nitakandika mimi," Tirza akasema.

Kule wakatafutana kwa macho. "Nani huyo?" Yosia akauliza.

"Ni Tirza, mjomba. Nitakuja." Kiswahili chake kilikuwa kinachechemea, lakini kilifika.

"Msichana wa Sydney, unajua tunakandika na nini?"

"Udongo, majivu, na mavi ya ng'ombe," akasema. Mama mmoja kule nyuma akaangua kicheko, akauliza kama na hizo kucha za kijani. Tirza akaziangalia. "Nitavaa glavu."

Wakacheka wote, na mimi sikucheka. Nikamwambia ukuta unataka mkono, glavu inateleza, mahali pembamba hupajui mpaka kiganja kipaguse. Alichukua simu, akamwambia Yosia, "Mjomba, ngojeni," akaikata. Halafu akavuta kiti chake karibu na changu, akaweka mikono yake miwili juu ya yangu, kucha na zote.

"Bila glavu, shosho," akasema. "Ndege zikifunguliwa twende. Na kama wewe hutaweza, nitaenda peke yangu."